Vitenzi vya Maneno Mawili Vilivyonitoa Jasho Nikitafsiri Sabtaito

Kazi ya kutafsiri sabtaito, yale maandishi ya mazungumzo yanayopita chini ya filamu, niliipokea nikiwa na uhakika kwamba Kiingereza nakijua. Nilikuwa nimesoma vitabu vyake, nimeandika insha zake, na maneno marefu kama "investigate", "extinguish" na "postpone" hayakunipa shida hata kidogo. Kilichokuja kunitoa jasho ni maneno mafupi ambayo mtoto mdogo aliyezaliwa katika lugha hiyo anayatumia kutwa nzima: go, put, take, turn, break, pamoja na vijineno vinavyoyafuata nyuma, off, up, out, down. Kila moja peke yake nalifahamu. Yakikaa mawili pamoja, maana inanikimbia.

Walimu wa Kiingereza huviita phrasal verbs. Mimi hapa nitaviita vitenzi vya maneno mawili, ingawa vingine vina matatu, kama "put up with", yaani kuvumilia. Nawaandikia wanaoanza kutafsiri, wanaojiandaa na mitihani, na wanaofanya kazi na watu wanaoandika barua pepe jinsi wanavyozungumza. Njia niliyopita mimi ilikuwa ndefu kuliko ilivyopaswa, na sehemu kubwa ya urefu huo inaepukika.

Faili la sabtaito lina sura yake. Kila kipande cha mazungumzo kina namba, chini yake muda wa kuanza na wa kuisha, halafu mstari mmoja au miwili ya maneno. Mtafsiri anafunguliwa jedwali: Kiingereza upande mmoja, nafasi tupu upande wa pili. Mara nyingi video yenyewe hupewi. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuja hivyo hivyo, na ndani yake kulikuwa na mstari huu: "It went off at three." Juu kidogo mtu alikuwa akilalamika kwamba nyumba ilikuwa na giza. Nikaona ni habari ya taa, nikaandika "Ilizimika saa tisa", nikaendelea.

Haikuwa taa. Ilikuwa kengele ya kuzuia wizi, ambayo ilitajwa mbali zaidi, mwanzoni mwa tukio. "The alarm went off" maana yake kengele ililia. Kwa tafsiri yangu kengele ilikuwa imezimika saa ileile wezi walipoingia, na hadithi nzima ikapinduka: badala ya mlinzi kuamshwa na mlio, ikaonekana kuna mtu wa ndani aliyeizima makusudi. Kila mstari uliofuata ulijengwa juu ya kosa hilo. Mteja alilirudisha faili zima, akataka nilipitie upya mwanzo hadi mwisho bila malipo ya ziada, na kazi iliyofuata akampa mtu mwingine. Pesa niliyoikosa iliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni kutojiamini. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila nilipoona off, up au out mwishoni mwa sentensi, mkono ulisita juu ya kibodi.

Hebu tukitazame kitenzi hiki kimoja kwa karibu, maana kinaonyesha tatizo lote. Taa ikiwa ndiyo iliyo-"go off", imezimika. Kengele, imelia. Bomu, limelipuka. Bunduki, imefyatuka. Maziwa, yameharibika, na hapo ni Waingereza hasa wanaosema hivyo. Sherehe iki-"go off well", imekwenda vizuri. Mtu aki-"go off to bed", amekwenda zake kulala. Na mtu akisema "I've gone off him", anamaanisha kwamba hampendi tena kama zamani. Kitenzi ni kilekile, kijineno ni kilekile, na kati ya taa na kengele maana zinapingana kabisa: moja imenyamaza, nyingine imeanza kupiga kelele. Hakuna chochote ndani ya "go off" chenyewe kitakachokwambia ni ipi. Kinachokwambia ni kitu kinachotajwa kabla yake.

Hilo sikuliona wakati ule. Nilidhani upungufu wangu ni wa msamiati, kwa hiyo nikafanya ambalo karibu kila mtu hulifanya: nikatafuta orodha. Ziko nyingi, ndefu, kila kitenzi na maana yake mbele. Nikazichapisha, nikazikariri asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala. Take off, kupaa. Pick up, kuokota. Put off, kuahirisha. Nilipoteza miezi kadhaa humo, na nasema nilipoteza kwa sababu orodha ilinipa maana moja mahali penye maana nane, nami nikaishika ile moja kwa nguvu zote. Ndege iki-"take off" inapaa, sawa. Lakini mtu anaweza ku-"take off" koti, yaani kulivua. Biashara iki-"take off", imeanza kushamiri. Mgeni aki-"take off" ghafla, ameondoka bila kuaga. Na "pick up"? Unaweza kuokota kalamu, kumfuata mtoto shuleni, kupokea simu, kuambukizwa mafua, kujifunza lugha kwa kusikia tu bila darasa, na kunasa mawimbi ya redio, vyote kwa "pick up" ileile. Upepo nao hu-"pick up" unapozidi nguvu. Orodha haikunifundisha haya. Ilinifanya niwe mwepesi wa kukosea, maana sasa nilikuwa nakosea kwa kujiamini.

Aliyenitoa huko ni mhariri mmoja, mwanamke aliyenizidi umri na uzoefu, aliyekuwa akipitia kazi zangu kabla hazijafika kwa mteja. Siku moja nilimwomba anipe orodha bora kuliko zangu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "orodha weka kando kwanza. Nisomee mstari uliokushinda."

Nikamsomea: "She broke down when they told her."

"Aliyefanya hivyo ni nani?"

"Mwanamke, dada."

"Kaambiwa nini?"

"Kwamba mume wake hajapatikana."

"Basi ungekuwa unanisimulia mimi habari hiyo kwa Kiswahili, ungesema huyo mwanamke alifanyaje?"

"Aliangua kilio."

"Andika hivyo. Na lingekuwa gari?"

"Ningesema limeharibika."

"Yangekuwa mazungumzo ya amani?"

"Yamevunjika."

"Sasa unataka orodha ya nini? Umeshajibu yote, na kitenzi hujakigusa. Umetazama nani yuko pale na kumetokea nini."

Kisha akaniuliza jambo ambalo lilinifungua macho zaidi. Mtu akisema kijana kakimbia polisi, na mwingine akisema kijana kakimbilia polisi, nitawachanganya? Hata kidogo. Wa kwanza anawakwepa, wa pili anakwenda kuomba msaada kwao, na tofauti yao ni silabi moja katikati ya neno. Kitu kinachonuka na kitu kinachonukia hatuvichanganyi pia. Lugha yetu inageuza maana ya kitenzi kwa viambishi vilivyo ndani yake, na Kiingereza kinaigeuza kwa kijineno kilichokaa nje, nyuma. Tena tuna piga: tunapiga simu, pasi, picha, magoti, kura, chafya na deki, na hakuna anayekariri orodha ya kupiga. Mtoto anayajua kwa kuyasikia kila moja mahali pake. Kwa maana hiyo Mswahili haanzi kujifunza vitenzi hivi akiwa mikono mitupu. Akili ya kazi hii anayo tayari, ila hajaambiwa aitumie.

Tangu hapo nikaanza kuihoji sentensi kabla ya kukihoji kitenzi. Swali la kwanza ni lile la mhariri: ni nani au nini kinachotenda? Swali la pili, ambalo nililichelewa sana: je, kuna kinachotendwa? "The car broke down" haina kinachotendwa, gari limeharibika lenyewe. "The police broke down the door" inacho, polisi wamevunja mlango. "Please break down the costs" inacho pia, lakini gharama hazivunjwi kama mlango, kwa hiyo anayeandika hivyo anaomba mchanganuo. Ukimjibu kwamba gharama haziwezi kupungua, kama nilivyoona mwenzangu mmoja akifanya, utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa. Kitu kinachotendwa kikibadilika, maana inabadilika, na kitu hicho mara nyingi ndicho kinachokupa neno sahihi la Kiswahili.

Ugumu unakuja pale kitu chenyewe kinapojificha nyuma ya kiwakilishi. "She turned it down." Hiyo "it" ni nini? Kama ni nafasi ya kazi, aliikataa. Kama ni redio, alipunguza sauti. Sentensi yenyewe haikusaidii, iwe umeisoma mara moja au mara kumi. Inabidi upande juu, mstari baada ya mstari, hadi uikute nomino ambayo "it" inaiwakilisha. Leo nikikutana na kiwakilishi pamoja na kitenzi cha aina hii, sishuki chini kabla sijajua kiwakilishi ni cha nani. Kosa la kengele lingekwisha pale pale kama ningefanya hivyo.

Kwenye sabtaito kuna mtego mwingine, nao unawahusu wanaotafsiri kwa programu zinazokatakata maandishi vipande vipande. Kitenzi na kijineno chake vinaweza kutenganishwa, na katikati yao kukaa maneno mengi. Nimekutana na kipande kilichosema "He turned every offer they made him", na kipande kilichofuata kikiwa na neno moja tu: "down." Ukitafsiri cha kwanza kabla ya kukiona cha pili, utaandika kwamba aligeuza kila ofa. Alizikataa zote. Kipande kikiishia na kitu kinachotendwa huku kitenzi kikiwa ni turn, put, take, bring au set, nasoma vipande viwili mbele kabla sijaandika chochote.

Kutenganishwa huko kuna kanuni yake, na ukiijua inakusaidia kusoma pia. Vitenzi vingine vinakubali kitu kukaa katikati: "look the word up", tafuta neno hilo kwenye kamusi. Kitu kikiwa kiwakilishi, lazima kikae katikati: "look it up", kamwe si "look up it". Vingine havikubali kabisa: "look after it", kitunze, na hakuna "look it after". Faida yake kwa msomaji ni hii. "She ran up the stairs" na "She ran up a bill" zinafanana kama mapacha. Jaribu kuhamisha kijineno. "She ran a bill up" inakubalika, maana hapo run up ni kitenzi kimoja, kulimbikiza deni. "She ran the stairs up" haikubaliki, maana hapo mtu alikuwa anapanda ngazi mbio tu, na "up" inaonyesha mwelekeo. Jaribio hilo huchukua sekunde chache, na limeniokoa mara nyingi kuliko kamusi.

Lakini kuna kundi moja ambalo muktadha pekee hautoshi, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinakuvuta upande usio sahihi. Ni vitenzi vya wakati na ratiba. Mratibu wa kazi aliniandikia: "The deadline has been pushed back to the twentieth." Nilikuwa kwenye simu, nikasoma haraka kwenye arifa ambayo ilionyesha nusu tu ya ujumbe, bila tarehe. Sisi jambo likicheleweshwa tunasema limesogezwa mbele, na likirudishwa nyuma tunaelewa kwamba limewahishwa. Kwa hiyo "pushed back" nikaisoma kwa akili hiyo: siku zimepungua. Nilikesha. Nilifuta miadi, nikafanya kazi hadi alfajiri, nikatuma tafsiri ambayo haikuwa imetulia, na makosa yake yalionekana. Kumbe nilikuwa nimeongezewa muda. Kwa Kiingereza jambo likiwa "pushed back" limecheleweshwa, sawa na "put off". Likiwa "brought forward" limewahishwa. Ni kinyume cha picha yetu kabisa. Na "moved forward" wenyewe wenye lugha hawakubaliani, wengine huelewa ni mapema zaidi, wengine baadaye. Kwa hiyo kwenye ratiba sitegemei kitenzi tena, nasoma tarehe, na kama haipo naiuliza. Ukiandika wewe, andika siku na tarehe hata kama unaona kitenzi kinajitosheleza.

Watu huniuliza kama vijineno vyenyewe vina maana ya kudumu ambayo mtu anaweza kuishika. Vina mwelekeo, ndivyo ninavyoweza kusema. "Up" mara nyingi inaashiria kumaliza kabisa: "eat" ni kula, "eat up" ni kula hadi kumaliza, "use up" ni kutumia hadi kuisha. "Off" huelekea kwenye kutengana au kukatika: cut off, break off, fall off. "Out" huelekea kwenye kuisha au kujulikana: "run out" ni kuishiwa, "find out" ni kugundua. "Down" hupunguza: slow down, calm down. Mwelekeo huu ni msaada wa kweli unapokutana na kitenzi kigeni, nami hukisia kwa kuutumia. Ila usiufanye sheria. Nyumba iliyo-"burn down" na karatasi iliyo-"burn up" zote zimeteketea. Fomu utaambiwa u-"fill in" au u-"fill out", na ni kazi ileile ya kuijaza. "Slow up" na "slow down" zote ni kupunguza mwendo. Anayekuuzia siri ya vijineno kana kwamba ni hesabu anakupotezea muda.

Jambo lililonituliza moyo ni kugundua kwamba taabu hii ni ya zamani. Samuel Johnson, Mwingereza mtunzi wa kamusi, kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba Kiingereza kina tabia ya kugeuza maana za vitenzi kwa kuviongezea vijineno, na kwamba hapo ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko zote. Nilikuwa nimejiona mzito wa kuelewa, kumbe mtunzi wa kamusi alikwisha kuiona shida hiyo zaidi ya karne mbili zilizopita.

Na kuna sababu kwa nini shule hazikutuandaa. Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na mahakama, na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya kanisa na wasomi. Maneno ya asili hiyo ndiyo yaliyojaa kwenye vitabu na nyaraka, na ndiyo tuliyofundishwa. Watu wa kawaida waliendelea na vitenzi vyao vifupi. Ndiyo maana ripoti itasema "extinguish" na mtu aliye mbele ya moto atapiga kelele "put it out!" Ripoti husema "tolerate", jirani husema "put up with". Sisi tuliosoma tunaelewa ripoti na kupotea kwenye gumzo. Kwa mtafsiri, jambo hili linaongoza pia uchaguzi wa neno la Kiswahili: mhusika wa filamu anaposema "they put it off", kumwandikia "waliahirisha" si kosa, lakini kama ni mtu anayepiga soga na rafiki yake, "walisogeza mbele" inamkaa vizuri zaidi mdomoni.

Mtego mdogo ila wenye meno: kijineno kikihamia mbele ya kitenzi na kuungana nacho, maana huweza kugeuka kabisa. "Look over" ni kupitia kitu na kukikagua. "Overlook" ni kukiruka bila kukiona, au jengo kutazamana na mandhari fulani chini yake. "Take over" ni kushika hatamu, "overtake" ni kumpita mwenzako. Barua inayosema "I looked over your errors" na inayosema "I overlooked your errors" zina habari mbili tofauti kabisa kuhusu makosa yako.

Sikio nalo linahitaji mafunzo yake. Kwenye maandishi "pick it up" ni maneno matatu yaliyoachana vizuri. Kwenye mazungumzo ni sauti moja, karibu na "pikitap", na mgeni hasikii kitenzi wala kijineno. Nilichofanya ni kusikiliza kipande kifupi huku nikisoma sabtaito ya Kiingereza, kisha nafunga macho na kukisikiliza tena hadi sauti na maandishi vikakutana. Kuna kitu ambacho maandishi hayakionyeshi, nacho ni mkazo. Kijineno kikiwa sehemu ya kitenzi, kwa kawaida hutamkwa kwa nguvu: "She turned ON the light", aliwasha taa. Kikiwa kinaonyesha tu anayelengwa, mkazo hukaa kwenye kitenzi: "The dog TURNED on him", mbwa alimgeukia na kumshambulia. Kama video ipo, isikilize. Kama haipo, iombe, na mteja akikataa mwambie kwa adabu ni mistari ipi utakayoitafsiri kwa kukisia.

Daftari langu la sasa halina orodha. Lina sentensi nzima zilizonishinda, kila moja na mstari mmoja unaosema nani alikuwa anazungumza na kuhusu nini, kisha Kiswahili nilichofikia. Chini ya "put off" nina sentensi tatu. Kwenye ya kwanza mkutano umeahirishwa. Kwenye ya pili mtu anasema harufu ilimwondolea hamu ya kula, "it put me off my food". Kwenye ya tatu mtu anahesabu na mwenzake anazungumza: "Stop it, you're putting me off", yaani nyamaza, unanipotezea hesabu. Nikizisoma zote tatu pamoja kitenzi kinanikaa kichwani kwa namna ambayo orodha haikuwahi kunipa.

Kamusi bado naitumia, ila kwa mpangilio tofauti. Vitenzi hivi huwekwa chini ya kitenzi kikuu, kwa hiyo "go off" itafute kwenye "go", karibu na mwisho wa maelezo yake. Nikifika, nasoma mifano kabla ya fasili, natafuta mfano wenye mtendaji na mtendwa wanaofanana na wangu. Pia natazama alama inayosema ni matumizi ya Uingereza au Marekani. "Make out" kwa Mmarekani inaweza kuwa kupigana mabusu, na hapo ukikosea kwenye filamu ya familia utajua. Programu za kutafsiri zinasaidia ukizipa aya nzima. Ukizipa kipande kimoja kama "It went off", zinakisia kama nilivyokisia mimi, na zinakisia bila kukuonya.

Na ukipata mzaliwa wa lugha hiyo, usimuulize kitenzi kina maana gani. Wengi hawawezi kueleza, kama ambavyo wengi wetu tungeshindwa kueleza piga. Muulize: ni wakati gani ungelisema hili, na ungelimwambia nani? Atakupa tukio, na tukio ndilo unalolihitaji. Hivi karibuni nilikwama kwenye "I couldn't make it out." Make out inaweza kuwa kuona kwa shida, kusikia kwa shida, au kuelewa. Kipande kilichotangulia kilikuwa ni kelele ya mlango tu. Zamani ningeandika "sikuelewa" na kuomba Mungu. Safari hii nilimwandikia mteja kumuuliza mhusika ameshika nini mkononi. Akajibu kwamba ni cheti cha daktari, chenye mwandiko mbaya. Nikaandika "Sikuweza kuusoma", nikaenda mstari unaofuata.